Geji ya mafuta ilinidanganya, nami nikaisaidia kudanganya

Haya, nimepotea kwa muda. Wanaonifahamu wanajua nikinyamaza hapa basi ama kazi imenibana ama nimelala chini ya gari la mzee. Safari hii ilikuwa gari. Na kwa kuwa mimi hulipwa kuandika programu, si kufungua magari, nilifanya kosa ambalo ni mtu wa kompyuta tu anayeweza kulifanya. Ndiyo maana nimeona nilieleze hapa badala ya kulificha.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, lile fupi la petroli, la mwaka 1976. Hizi Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na kama ulikulia Kenya miaka hiyo basi uliziona kila mahali: za polisi, za misheni, za watu wa misitu. Injini ni ya lita 2.25, tangi ni la lita 45, na tangi hilo liko chini ya kiti cha dereva. Ndiyo, umeikalia petroli. Baba alilinunua kabla sijaanza shule na hadi leo hataki kusikia neno kuuza.

Shida ilikuwa hii. Tukijaza tangi, sindano ya mafuta inapanda hadi juu kabisa na kukaa hapo kilomita mia na zaidi, kana kwamba gari linakunywa hewa. Kisha inaanza kushuka, lakini haifiki chini. Tangi likikauka kabisa, sindano bado imesimama karibu na robo. Sasa, kama wewe ni mtu wa kujaza tangi kila mara, hilo ni jambo la kuchekesha tu. Lakini nani hujaza tangi siku hizi? Tangu Septemba 2023, petroli ilipofika shilingi 211.64 kwa lita hapa Nairobi, mimi nilizoea kuweka ya elfu moja leo na ya elfu moja keshokutwa. Ukiishi hivyo, maisha yako yote yako kwenye ile robo ya chini ya geji, na ndiyo robo iliyokuwa ikidanganya zaidi.

Fundi wa kwanza alisema geji imekufa. Tukanunua nyingine, ya mtumba lakini nzuri. Hakuna kilichobadilika. Fundi wa pili akasema si geji, ni floti, yaani kile kifaa kilicho ndani ya tangi chenye boya na mkono wake. Tukanunua floti mpya. Hakuna kilichobadilika. Wa tatu alitaka turudi kwenye geji, kwa sababu hii ya mtumba "pengine nayo ni mbovu". Hapo nikagoma.

Na hapa ndipo akili ya mtu wa programu ikaingia. Nikajiambia: geji hii inadanganya, sawa, lakini inadanganya kila mara kwa namna ile ile. Uongo wenye utaratibu si uongo, ni data inayohitaji kutafsiriwa! Jumamosi moja nikatoa petroli yote tangini, nikafungua swichi bila kuwasha injini (tangi tupu, ningewashaje?), nikaandika sindano imesimama wapi. Nikamimina lita 5, nikangoja sindano itulie, nikaandika. Lita 5 nyingine, nikaandika. Mpaka 45. Nikapata jedwali zuri ajabu. Jioni hiyo nikaandika programu ndogo ya simu, mistari 40 tu: unaiambia sindano iko wapi, inakuambia lita zilizobaki na kilomita utakazoenda, kwa hesabu ya kilomita 6 kwa lita. Niliifurahia sana. Niliwaonyesha wenzangu kazini, wakasema niitie kwenye duka la programu.

Mzee hakuifurahia. Yeye ana daftari. Kila akiweka mafuta huandika kilomita zilizo kwenye dashibodi na lita alizoweka, na amefanya hivyo tangu zamani sana. Geji huitazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani iliyosimama. Nilimwambia mambo ya daftari yamepitwa na wakati.

Basi tukaenda Magadi. Kuna rafiki yake wa siku nyingi alikuwa mgonjwa huko, na mzee, ambaye ana miaka 74, alitaka kumwona. Kwa wasioijua njia hiyo: unatoka Nairobi, unapita Ongata Rongai na Kiserian, unazunguka mgongo wa vilima vya Ngong, halafu ardhi inaporomoka. Unashuka kuelekea chini ya Bonde la Ufa, na joto linapanda kila kona. Baada ya Kiserian, mambo ya vituo vya mafuta usiyategemee. Pale Kiserian mzee akasema, "Weka mafuta hapa." Nikamwonyesha simu. Lita 16. Kilomita 96. Safari iliyobaki ni kama kilomita 80. "Tutajaza tukifika, Baba." Akatazama simu, akanitazama mimi, akanyamaza.

Gari lilizima baada ya kupita njia ya kuingilia Olorgesailie, pale kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Programu yangu ilikuwa ikisema zimebaki lita 7.

Sitaurefusha uchungu. Ilikuwa saa saba mchana. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kwenda. Mzee ana shinikizo la damu na dawa zake za mchana zilikuwa nyumbani, kwa sababu tulipanga kuwahi kurudi. Nilimkalisha chini ya mgunga, kivuli chenyewe cha kuhesabu, tukagawana chupa moja ya maji. Kijana mmoja wa pikipiki alichukua mtungi wetu na pesa yetu, akaondoka, na kwa saa mbili na nusu nilikuwa nikitazama barabara na kumtazama mzee, barabara na mzee. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kwa daftari, tulikuwa tumebakiwa na kama lita kumi pale Kiserian." Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani! Aliniachia tu niendeshe na simu yangu. Kijana alirudi, Mungu ambariki, na rafiki tulimkuta. Lakini usiku ule sikulala.

Sasa njoo kwenye kiini. Kwa nini jedwali langu, lililopimwa kwa makini namna ile, lilikosea kwa lita 7?

Jibu nililipata Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, kwa fundi wa umeme wa magari aliyezeeka na mikono yake. Nilimweleza habari yote: geji, floti, jedwali, Magadi. Hakuuliza lolote kuhusu mafuta. Aliuliza, "Na sindano ya joto la maji, hiyo nayo inakaa wapi?"

Nikashtuka. Sindano ya joto pia ilikuwa inakaa juu, karibu na nyekundu. Tulikuwa na shida hiyo muda ule ule, lakini hakuna aliyeihesabu kuwa jambo moja na ya mafuta. Fundi mwingine kabisa "aliitibu" kwa kung'oa themostati, kama mafundi wetu wengi wanavyopenda, na akasema rejeta iko sawa, usijali.

Mzee wa Grogan akacheka. "Kijana wangu, mafuta na joto la maji havijuani. Vikiugua siku moja, tafuta chakula walichokula pamoja."

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Geji za aina hii hazina sumaku wala kompyuta. Ndani yake kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, na kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata moto. Metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo kipande kinajipinda, na kupinda huko ndiko kunakosukuma sindano. Ni kama pasi ndogo inayosukuma mshale. Kiasi cha umeme kinachopita huamuliwa na floti tangini: boya likiwa chini, ukinzani ni mkubwa (kwenye letu nilipima omu 243), umeme unapita kidogo, sindano inabaki chini. Boya likiwa juu, ukinzani ni mdogo (omu 21), umeme ni mwingi, sindano inapanda. Geji ya joto la maji hufuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya boya ina kihisi ambacho ukinzani wake hushuka maji yakipata moto. Na kwa kuwa joto huchukua muda kujikusanya, sindano haitetemeki petroli ikirukaruka kwenye mashimo. Waliounda kitu hiki walipata usawazishaji wa data bila kuandika hata mstari mmoja.

Lakini ina udhaifu mmoja. Ikiwa sindano inasukumwa na joto, basi volti zikibadilika, sindano inabadilika, hata kama petroli ni ile ile. Na volti za gari hazitulii: betri peke yake ni kama 12.4, injini ikinguruma oltaneta inazipandisha hadi 14 na kidogo. Ndiyo maana geji zote mbili hulishwa kupitia kikopo kidogo kinachoitwa stabilaiza, kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Nacho ndani yake kina kipande cha metali mbili: umeme unakipasha moto, kinapinda, kinakata umeme, kinapoa, kinaunganisha tena. Kukata na kuunganisha, kukata na kuunganisha, mpaka joto linalofika kwenye geji linakuwa sawa na la volti 10 tu, betri iwe na hali gani.

Ila kikopo hicho kinahitaji ardhi, yaani kigusane na bati la gari, ambalo ndilo upande hasi wa betri. Bila ardhi, umeme wa kupasha kile kipande cha ndani hauna pa kurudia. Hakipati moto, hakipindi, hakikati. Kinakuwa kipande cha waya tu. Geji zinakula volti zote za gari, na zote mbili zinasoma juu.

Fundi aliweka mita yake kwenye mdomo wa kutolea umeme wa stabilaiza. Stabilaiza nzima huifanya mita irukeruke, mara 12, mara sifuri. Ya kwetu ilisimama tuli: 12.4. Akaniambia niwashe injini. 14.1. Tuli.

Piga hesabu nami. Joto kwenye waya huenda na mraba wa volti. Volti 12.4 zikilinganishwa na 10 ni joto mara moja na nusu hivi. Volti 14.1 ni karibu mara mbili. Kati ya hizo mbili, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kuna tofauti ya karibu asilimia 30. Na mimi jedwali langu lote nililipima injini ikiwa imezimwa! Nilisawazisha kifaa katika hali moja na kukitumia katika hali nyingine. Sindano ya safarini ilikuwa juu kuliko sindano ya uani kwa petroli ile ile, na programu yangu ikatafsiri ziada hiyo kuwa lita, kwa uhakika mkubwa, hadi nukta ya desimali.

Chanzo chenyewe? Mwaka 2019 tulilipaka gari rangi. Fundi wa rangi alifungua kila kitu, akapiga rangi safi bati la nyuma ya dashibodi, kisha akafunga stabilaiza juu ya rangi hiyo. Rangi haipitishi umeme. Kazi nzuri, rangi inang'aa mpaka leo. Tiba ilikuwa kipande cha msasa, dakika tano, na waya mfupi wa ardhi wa kuongezea ili isirudie. Mzee wa Grogan alinitoza shilingi mia tano, nami najua hiyo ilikuwa ya kuniheshimu tu.

Halafu likaja la kushangaza. Stabilaiza ilipoanza kazi, sindano ya joto ilianguka mpaka karibu na baridi kabisa. Kumbe injini haikuwahi kuchemka. Iliendeshwa bila themostati kwa miaka, baridi wakati wote, na injini baridi hunywa petroli zaidi. Yaani kipimo kibovu kilizaa ugonjwa wa kweli: tulitoa kifaa kizima ili kumridhisha mshale uliokuwa ukisema uongo. Tumerudisha themostati na gari limeacha kunywa kama zamani.

Sasa maoni yangu, maana najua wengine wenu mtaniambia ningenunua stabilaiza ya kisasa ya chipu, ile ya volti 10, na kumaliza maneno. Ni sawa, zinafanya kazi vizuri na hazina sehemu ya kuchakaa. Lakini ningeifunga wapi? Juu ya rangi ile ile. Chipu nayo inahitaji ardhi. Ningenunua kifaa cha nne na kurudi Magadi.

Ninachopinga ni hii tabia ya kusahihisha jibu kabla ya kujua kwa nini jibu si sahihi. Mafundi watatu walibadilisha vifaa bila kupima, na mimi nimekuwa mwepesi wa kuwacheka. Lakini wao angalau walikuwa wakitafuta ugonjwa. Mimi niliuona ugonjwa, nikaupa cheo na nikauandikia programu. Kati yetu wanne, ni mimi niliyemfikisha mzee chini ya mgunga ule.

Na msidhani ni mambo ya magari ya zamani. Miaka fulani nyuma, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, ripoti moja ilikuwa ikitoa saa zilizochelewa kwa saa tatu kamili. Mtu wa programu yeyote wa Nairobi akisikia "saa tatu" anajua: mtambo unahesabu kwa saa za dunia, na sisi tuko saa tatu mbele. Mwenzetu mmoja hakutafuta ni wapi, aliongeza tatu kwenye ripoti, akaenda chakula cha mchana. Ikakaa hivyo mwaka mzima. Siku mtambo wenyewe uliporekebishwa, ripoti ikaruka saa tatu mbele, na tukatumia siku mbili tukitafuta kosa jipya ambalo lilikuwa kosa la kale limevaa shati la masahihisho. Nilimcheka sana mwenzetu yule.

Kama geji yako inakusumbua, fanya hivi kabla ya kununua chochote. Kwanza tazama sindano zote, si ile inayokuudhi tu. Zikiwa zote juu au zote chini, acha tangi, nenda kwenye stabilaiza na ardhi yake. Ikiwa ni ya mafuta peke yake, chomoa waya kwenye floti (kwenye Land Rover ni wa kijani wenye mstari mweusi, inua tu kiti) na upime omu za floti boya likiwa chini na likiwa juu. Ukitaka kuijaribu geji yenyewe, weka rezista ndogo kati ya waya huo na bati badala ya kuzigusanisha moja kwa moja, maana ukiziacha hivyo kwa muda unaweza kuunguza geji nzima. Ardhi mbovu kwenye floti yenyewe huisukuma sindano chini, si juu, kwa hiyo mwelekeo wa uongo nao ni ushahidi. Na tafadhali, mvuke wa petroli hauna utani: zima swichi kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya wowote pale juu ya tangi, fungua milango, na sigara iwe mbali.

Ile programu nimeifuta. Nilifikiria kuirekebisha, kuongeza swali la "injini imewashwa?" na labda kuingiza volti, na nikajikuta nimeshafungua kompyuta kabla sijajikamata. Mahali pake nimenunua daftari, na nilipolianza nikaelewa jambo ambalo mzee hakuwahi kulieleza. Kilomita za dashibodi kwenye gari lile huhesabiwa na kebo inayozunguka kutoka kwenye giaboksi. Haitumii umeme hata chembe. Haishiriki na geji waya, stabilaiza, wala ardhi. Ndiyo maana daftari lilijua pale Kiserian tulikuwa na lita kumi.

Jumapili iliyopita tulikwenda tena Magadi. Mzee aliendesha mwenyewe hadi Kiserian, akasimama kituoni bila kunitazama, akajaza tangi. Sindano ilikuwa ikisema robo kamili, na kwa mara ya kwanza tangu 2019 ilikuwa inasema kweli. Aliandika kilomita zake, akanipa kalamu niandike zangu.